Ufa Chini ya Rangi ya Bluu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeimaliza ile baiskeli ya bluu. Breki mpya, mnyororo mpya, spoki zimenyooka. Inang'aa kuliko mimi! Lakini shingo ya fremu ina ufa. Fundi wa kuchomelea ameuziba, ila kanionya: ni ya mtu mwepesi, njia tambarare, mzigo usiiguse. Nimeiwekea nusu bei. Mume wangu kauliza tangu lini tunatoa sadaka.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu wa ushonaji kaipenda. Nikamwonyesha kovu la ule ufa kwa kidole. Kanishukuru sana — kisha kavuka barabara, kanunua kwa jirani anayepaka rangi juu ya kutu. Kwa bei ya juu! Kapita nayo hapa, kanipungia mkono.
Mume wangu kala amenipa mgongo. Mwishowe: "Watu hawanunui ukweli, mke wangu. Wananunua baiskeli."

Ijumaa, 8 Machi
Nilikwenda kumwona mama hospitalini. Narudi, ya bluu haipo. Mume wangu kamuuzia mwuza mikate, kwa bei ya baiskeli nzima.
Na kovu? Kalipaka rangi nilipotoka tu. Kwa brashi yangu.
Nikamuuliza kama alimwambia yule mtu. Kasema mtu mzima ana macho. Tukagombana mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Kasema watoto hawali dhamiri. Hapo nikaingia jikoni kuwapakulia watoto. Ndilo linaloniuma — si uongo wake, ukimya wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kwenye tanuri la mikate. Wenzake yule mwuza mikate wanasema tangu jana anapeleka mikate mpaka kule mlimani, shukrani kwa baiskeli. Mlimani! Nimeacha ujumbe asiipande tena, aje kwanza. Mume wangu kasema nikimwambia, nitafute mwenyewe hela za kumrudishia. Zile zimeshaliwa.

Jumapili, 10 Machi
Kaja. Ujumbe hakuupata — kaja kushukuru, na mkate mkononi. Nyuma kreti, mbele juu ya bomba la fremu kampakia bintiye. Anasema mteremkoni inapaa, hata mikono anaachia.
Nikasema, "Shuka kwanza, mwanangu."
Mtoto kashuka. Nikapiga magoti, nikakwaruza rangi kwa ukucha. Ufa umefunguka. Umerefuka, unazunguka shingo.
Mwuza mikate kauliza, kuna nini, mama? Mume wangu kanitangulia: nati imelegea tu.
Na mimi — sikumpinga. Nimesema naiingiza ndani. Nimefunga mlango. Iko hapa nami, nimeiegemeza ukutani, naandika nikiwa nimesimama.
Wako nje. Mtoto anauliza wataondoka saa ngapi. Mume wangu anachekacheka. Namsikia mwuza mikate akimwambia: ndiyo maana sikununua kwa yule jirani yenu. Huyu mama, watu wote wanasema, hafichi kitu.
Sasa anagonga mlango. Anauliza kama anisaidie kuishika.