Kuugua kwa Muda Mfupi

Njoroge,

Nimekuja kukanusha. Unanijua: mtu akiandika uongo gazetini, kabla chai yangu haijapoa nimeshaanza kumjibu. Leo ninayemjibu ni mimi mwenyewe. Sentensi iko ukurasa wa pili wa kijitabu cha mazishi yako, chini ya ile picha ya suti ya kijivu: "Alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi." Niliiandika mimi, dada yako. Niliisoma kwa kipaza sauti kule nyumbani Kariandusi, watu wamesimama na vumbi jeupe la machimbo kwenye viatu vyao, na hakuna aliyenipinga.

Muda mfupi! Ulitokwa na damu chooni miaka kumi na minne.

Tulikuwa sebuleni kwako Kiamunyi tukipanga mazishi. Baba mdogo akasema, "Gathoni, mambo ya choo hayasomwi mbele ya padri." Mimi niliyegombana na wanasiasa na maaskofu na wenye mashamba ya maua, nikainamisha kichwa nikaandika walivyotaka. Nilijiambia kwamba hiyo ni heshima. Ulikuwa woga, Njoroge. Woga mtupu.

Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza unalijua, na hukuwahi kunilaumu, jambo ambalo linanikera mpaka leo. Daktari alikuambia kwamba utumbo uliovimba na kuchubuka kwa miaka mingi hivyo lazima uangaliwe kwa kamera mara kwa mara, hata ukijihisi mzima. Ukaja kuniuliza, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Wiki hiyo nilikuwa nikiandika makala ya kuwachapa wenye hospitali za kibinafsi. Sikuinua hata macho. Nikakuambia, "Hiyo ni biashara. Kama huumwi, wanatafuta nini ndani yako?"

Ulicheka. "Wewe hata ukikosana na mbuzi wa jirani utamwandikia makala." Lakini makala yalipotoka uliyakata kwenye gazeti, ukayatundika kwa msumari ukutani juu ya cherehani yako, wateja wayaone. Na hukurudi hospitali. Dawa zilikuwa zimekutuliza. Miaka minne ukashona sare za watoto wa shule huku maneno yangu yakining'inia juu ya kichwa chako.

Mengi niliyoandika pale yalikuwa kweli, na bado nayaamini. Ndiyo maana yanauma. Mwongo angeweza kutubu akamaliza. Mimi nilichukua ukweli nikakufungia nao mlango wa hospitali uliokuwa ukikufaa.

Tangu uondoke nimesoma kama mtu anayejiandaa kwenda kortini. Nataka nikueleze saratani iliyokuua, maana hakuna aliyekueleza kwa lugha yako.

Unakumbuka Januari dukani? Wazazi wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja anataka sketi iwe tayari jana. Hata katika vurugu hiyo ulikuwa na sheria moja: kila kitambaa kikatwe kwa kufuata kile kielelezo cha karatasi ngumu kilichotundikwa ukutani, kamwe kisifuate sketi iliyokatwa jana. Fundi mmoja aliwahi kukata sketi juu ya sketi wiki nzima, na ya mwisho ikatoka imepinda kiuno. Ukamwambia, "Hii umeshonea ng'ombe?"

Sasa sikiza. Mwili hauna kielelezo ukutani. Kila seli mpya hunakiliwa kutoka kwa ile iliyoitangulia. Katika utumbo mzima kazi hiyo huenda taratibu, na makosa mengi hurekebishwa. Wako ulichubuka na kuponywa, ukachubuka na kuponywa, na ule uvimbe wenyewe ukawa unaharibu maandishi yaliyo ndani ya seli. Ilikuwa Januari miaka kumi na minne, bila likizo.

Tena kuna jeni ambayo kazi yake ni ile uliyokuwa ukiifanya mlangoni: kugeuza kila nguo ndani nje, kukagua mshono, kuzuia iliyoharibika isitoke. Wataalamu huiita p53. Katika saratani nyingi za utumbo mpana, mkaguzi huyu huharibika mwishoni, uvimbe ukiwa umeshaonekana. Kwa watu wenye utumbo uliochubuka muda mrefu, mara nyingi huharibika mapema, wakati ngozi ya utumbo bado ni bapa, haina nundu wala maumivu. Ni kamera tu, na vipande vidogo vinavyokatwa na kupimwa, vinavyoweza kumkuta ameondoka.

"Kama huumwi, wanatafuta nini?" Hicho ndicho walichokuwa wakitafuta.

Ningeyameza haya peke yangu, kama si Wambui.

Mwanao ndiye mwenye duka sasa. Uliyemlea peke yako, ukamficha kila kitu. Alipokuwa shule ya bweni na baadaye kazini Eldoret, alijua tu kwamba baba ana "vidonda vya tumbo" kama nusu ya Nakuru. Mwezi uliopita nilimpelekea koti apunguze mikono. Katika saa moja aliacha cherehani mara tatu akaenda choo cha nyuma. Shingo yake imekonda. Nikamuuliza.

"Shangazi, ni amoeba tu. Nimemeza dawa."

Tangu lini? Miaka miwili hivi. Kuna damu? Akainama akabana pindo kwa pini. "Kidogo."

Nikamwambia, hivyo ndivyo baba yako alivyoanza. Akanitazama kwa utulivu kabisa. "Si kama baba. Baba aliugua muda mfupi. Si mliandika wenyewe? Mimi wangu ni wa zamani. Ungekuwa mbaya, ningekuwa nimeshakufa."

Njoroge, nilisukuma vitambaa kando nikakaa juu ya meza ya kukatia.

Nilimwambia yote. Miaka kumi na minne. Kamera uliyoikosa. Makala yale juu ya kichwa chake. Alikata uzi, akalikunja koti langu. Kisha akasema, "Kwa hivyo mlinificha mimi ili mpendeze kanisa." Unajua ana jina la mama yetu. Siku hiyo alikuwa na sauti yake pia. Akapanda kwenye stuli, akayang'oa makala, akanipa mkononi. "Nenda nayo."

Nilienda nayo. Kesho yake nikarudi, tukaenda hospitali pamoja.

Upande wote wa kushoto wa utumbo wake umevimba, kama wako. Wamekata vipande, viko maabara. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema miaka miwili si kumi na minne, lakini sasa inajulikana kwamba ugonjwa uko kwenye ukoo, na hajui vipande vitasema nini. Hakuniahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo.

Jumamosi ilikuwa misa yako ya mwaka mmoja. Walipomaliza kusimamisha msalaba nikaomba kipaza sauti, nikafungua ukurasa wa pili, nikaisoma sentensi yangu, kisha nikasema ni uongo, na nikataja ugonjwa, na damu, na choo, na kamera uliyoikosa, mbele ya padri. Baba mdogo alikohoa kama mtu aliyekabwa na ugali. Niliendelea mpaka mwisho.

Watu walipokuwa wakila, alinifuata nyuma ya tanki la maji. Nilijiandaa kwa vita, Njoroge, majibu nilikuwa nayo tayari. Mzee akaangalia huku na huku, akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Gathoni," akasema polepole. "Hiyo kamera. Inauma?"

Nilimshika mkono, nikamuuliza damu ameiona tangu lini.

Majibu ya Wambui ni Alhamisi. Huenda yakawa mabaya. Sitakudanganya tena, hata wewe ambaye huwezi kunisikia. Lakini nakuahidi hivi: karatasi hiyo tutaisoma kwa sauti, yeye na mimi, jinsi ilivyoandikwa, na kila mara watakapomwita kwa kamera nitakuwa kwenye benchi ya kungojea, nimenyamaza. Kwenye msumari wa makala yangu ametundika kadi yake ya kliniki. Wateja wanaiona. Wakiuliza, anawaambia.

Pumzika, ndugu yangu. Uliugua kwa muda mrefu.

Gathoni