Mahindi Yako Hayakuchomwa, Mama

Mama,

Matanga yako yamekwisha, na kaka yako Wilondja ameshajivika ukubwa wa ukoo. Siku ya kugawa vitu vyako, pale kwenye chumba chetu cha kupanga mtaa wa Point, alijichukulia simu yako, sufuria zako kubwa na lile koti jipya. Kisha akasimama na kutangaza kwamba mahindi yako yana laana. "Ni ile mbegu ya labo ndiyo iliua dada yangu. Samedi tunachoma ile shamba." Wanamaombi wake wakaitikia amina. Sijui ni laana gani inayoruka sufuria na koti, ikaenda kung'ang'ania mahindi.

Nikamwuliza bugali anayojaza tumboni kila siku inatoka wapi. Unga wa duka katika nchi hii ya ugenini, karibu wote ni wa mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara, kama yako. Hakutikisika: "Tunaombeaka chakula mbele ya kula, sumu inatoka." Basi na ya Mama iombeeni, nikasema, mbona sala yenu inaogopa shamba? Akajibu kwamba kazi ya saluni imeniharibu kichwa.

Mtu mwenyewe hajawahi kukanyaga lile shamba nyuma ya Pinetown. Hakukuona miaka ya mbegu ya zamani, ukibeba pampu ya dawa mgongoni, ukikohoa hadi machozi, na viwavi bado wanatoboa mabua. Sumu ile ilishuka hadi kijitoni wanakochota maji watoto wa jirani. Hiyo haikumsumbua. Gogo, yule bibi wa Kizulu aliyekupa ardhi ya kulima, ndiye aliyekuonyesha mbegu ambayo kiwavi akitafuna bua lake anakufa mwenyewe. Ulinung'unika, nakumbuka, kwamba inanunuliwa upya kila msimu, wewe uliyezoea kutunza mbegu juu ya moshi wa jikoni. Palizi ilibaki palepale, na mvua ilipokataa, ilikataa. Lakini pampu uliitupa. Tukala, tukauza mahindi ya kuchemsha kwenye stendi ya teksi, na bado ukawapelekea majirani. Mjomba naye alipokea gunia lake akicheka, wala hakuuliza ni mbegu gani.

Jumamosi, hiyo Samedi yake, walikuja kweli, yeye na wanamaombi wake, na petroli ndani ya chupa ya maji. Gogo alikuwa ameketi mwanzo wa mistari, jembe magotini. Akawaambia kwa Kizulu cha taratibu, nao wakaelewa vizuri, kwamba mwenye mahindi amekufa lakini mwenye ardhi yupo. Mjomba akaanza tena kuhubiri jinsi mbegu ilivyokuua.

Hapo nikashindwa kuvumilia, Mama. Nilisema yote mbele ya watu wake. Daktari alisema ni presha. Vidonge ulikuwa navyo. Nani alikuambia kumeza vidonge ni kukosa imani? Nani alivitupa chooni huku akikemea? Na wewe ukanyamaza, kwa kuwa ni kaka yako mkubwa. Mama, kwa hilo nimekukasirikia, na bado... bado sijamaliza.

Wanamaombi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na aliyeshika chupa akawa wa kwanza. Mhubiri mzima akabaki peke yake kwenye shamba la watu.

Tulivuna, mimi na Gogo, hadi jioni. Nilimenya hindi la kwanza, safi, halina tundu, nikageuka kukuita uje uone. Ndipo nikakumbuka. Nikaketi chini nikalia, na Gogo akaendelea kuvuna, akiniachia nafasi.

Lala sasa, mama yangu. Mvua zikirudi nitapanda mbegu ileile, kwenye mistari yako. Na yeyote atakayeniambia kwamba ndiyo iliyokuua, nitamtajia jina la aliyekuua.

Mwanao,
Neema