Mnasema ni Mafua Tu

Walthamstow,
London.
9 Agosti 2025

Mpendwa dada Adventina,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako leo jua limewaka mpaka wenyeji wanalalamika. Mwili wangu ni mzima. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Bukoba. Mama je? Hilo ndilo swali la barua hii yote, ila nivumilie nianzie mbali, unajua sijui kufika mahali bila kuzunguka.

Uliwahi kuniuliza nasomea nini hasa. Naandika tasnifu kuhusu maneno yaliyozaliwa katika Kichina wakati wa korona. Shemeji acheke tu. Wachina walichukua maneno yao ya zamani, wakayakata, wakaunganisha vipande, na kila kipande kikapata kazi mpya. Kirusi cha korona chenye jina refu kikabaki na silabi mbili, xinguan, yaani taji jipya. Hospitali za muda, vitanda vimejaa ukumbi mzima, zikaitwa fangcang, vyumba vya mraba. Wahudumu waliofunikwa nguo nyeupe toka utosini hadi nyayoni wakawa dabai, Weupe Wakubwa, jina la kupendeza kama la mwanasesere. Na mji ukifungwa, wakubwa wa serikali walisema umenyamaza.

Mwanzoni niliyapenda maneno haya. Sasa yananitisha. Kila nikiyapanga naona jina likizidi kulainika wakati jambo lenyewe linazidi kuwa baya. Mwalimu wangu anasema hiyo ndiyo sura nzuri kuliko zote za tasnifu, nami natamani kuifuta.

Unakumbuka mwisho wa mwaka 2021, nilipokuwa Chengdu. Simu yangu ilipita karibu na simu ya mgonjwa nisiyemjua, nikaambiwa mimi ni mwenza wa wakati na mahali. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya wapenzi. Jioni yake Weupe Wakubwa wakanifungia chumbani. Humo ndimo nilimopokea habari za Baba. Kwanza mlisema ana mafua. Kisha ana changamoto ya upumuaji. Kisha simu ya shangazi Verediana ikawa mbovu, na ilipopona, Baba alikuwa ameshazikwa.

Sikuwalaumu. Ningekuja na nini, na mipaka imefungwa? Mlinificha ili nisichanganyikiwe ugenini, ndivyo kwetu tunavyowalinda walio mbali. Hata mimi ningeweza kumfanyia hivyo mdogo wangu.

Lakini sasa mipaka iko wazi, dada.

Tangu mwezi wa sita mnasema Mama ana mafua tu. Nikipiga simu, amelala. Nikiomba nimwone, kamera imeharibika. Juzi ukanitumia sauti yake, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikairudia. Mama anasema watoto wamekesha kwenye taa za kanisani wakikamata senene. Adventina, senene wa Agosti? Hiyo ni sauti ya Novemba, msimu wa panzi hao. Umeichimbua kwenye simu yako ukanitumia ninyamaze. Nimekasirika, nakwambia wazi, na nimeogopa kuliko nilivyokasirika.

Nilimsikilizisha mama mwenye nyumba wangu, Bi Kokila, Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini.

"Evo, mimi walinificha dada yangu hivi hivi. Kila nikipiga, yuko temple. Mtu gani anaomba miezi miwili? Book ticket, usingoje wakuambie."

Akaendelea kumenya viazi vyake, lakini aliniangalia kama mtu aliyeshafiwa, na sikupenda macho yale.

Tiketi nimekata. Naondoka Jumatano, nashukia Entebbe, navuka mpaka Mutukula. Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu, maana ya posta ingenikuta nimeshafika. Ningepiga, lakini kwenye simu unajua kunituliza.

Nakuomba jambo moja. Usiende kuwauliza wazee niambiwe lini na namna gani. Msinipangie mtu wa kunikalisha kwanza, wa kunilisha, wa kuniuliza habari za safari huku wengine wakinong'ona uani. Mpakani aje shemeji peke yake. Nikikuta wanaume wa ukoo wamejipanga na makoti yao, miguu yangu haitanifikisha kwao.

Nisalimie shangazi Verediana, wala sina kinyongo naye kwa simu ile. Nisalimie watoto, na mwambie Projestus viatu vyake vya kuchezea mpira nimevipata. Mungu awe mlangoni kwenu mpaka nifike.

Mama mwambie Evo anakuja. Mwambie leo, usingoje Jumatano, umwinamie sikioni kama hasikii vizuri. Na kama huwezi kumwambia, niandikie hivyo hivyo, kwamba huwezi kumwambia.

Wako akupendaye daima,
kaka yako,
Evodius