Uzi wa Mkono wa Mumo

Mwihoko

Mwanangu Mwende,

Pokea salamu za mama yako. Baba yako kifua kimepoa? Na Susu, mama ya baba yako, macho bado yanamsumbua? Kilonzo ndugu yako ameacha kugombana na mwalimu? Na mjukuu wangu Mumo, mkono wake ukoje? Mimi kula nakula, lakini usingizi sina.

Mwende, ile bangili ya uzi niliyomtumia Mumo akizaliwa, ikate leo. Simu yako haishiki, ya baba yako pia, ndiyo nimempa Mama Kasyoka barua, anakuja huko kwa matanga.

Unajua bangili zangu za kuuza nilikuwa nachukua Thika kwa yule mama anayesokota pamba kwa mkono. Alipougua nikaingia duka la jumla, nikapewa mafungu ya bangili zinang'aa, fundo la kuvuta, bei chini. Nikafurahi. Hizo ndizo nimeuza Githurai, na ya Mumo ilitoka humo humo, na wenye watoto wachanga nikawa nawaambia vile tunaambiana kwetu: uzi wa mtoto haukatwi, utaoza wenyewe uanguke.

Wa pamba ndio huoza. Huu ni nailoni. Mtoto ananenepa, uzi uko vile vile.

Nyambura, jirani yangu hapa kwa ploti, alimfungia mtoto wake. Na hii baridi, mtoto ni sweta juu ya sweta. Mkono ukafura, akadhani ni mbu. Siku ya kuangalia vizuri, uzi ulikuwa umezama ndani ya nyama. Nikaja mbio na wembe, akanisukuma. "Mama Mwende, si ni wewe ulisema usikatwe?" Hospitalini waliutoa, lakini vidole viwili ni vyeusi na daktari hasemi kama vitapona. Sasa Nyambura haniamkui. Namwachia uji mlangoni, naukuta hapo hapo umeganda.

Nilirudi Thika kwa mwenye duka. Akacheka. "Mathe, hizo ni za wasichana kujirembesha. Nani alikutuma ufunge watoto?" Nimezunguka soko nikitafuta walionunua, lakini mteja ni uso tu, na uso unasahaulika.

Susu atakataa, namjua. Atasema ukikata uzi umekata maisha ya mtoto. Usibishane naye. Mwambie ni mimi nimeamua, na kama kuna laana inipate mimi huku. Usivute, fundo litazidi kukaza. Paka sabuni, upitishe mkasi wa kucha polepole. Ukiona umezama, usiguse, kimbia zahanati.

Msalimie dada yangu wa maziwa, tuliyenyonya titi moja, na mama mchungaji aendelee kutuombea.

Mimi mama yako anayekupenda.

Ukimaliza kusoma usikae chini. Kata, halafu panda pale juu penye network, uombe simu ya mtu yeyote, unipigie nimsikie Mumo akilia.