Maneno ya Kalendriye

Jumatatu, 7 juin

Muzungu aliyepanga kwangu mwaka jana aliacha kalendriye ya mezani. Kila siku neno moja la Kingereza lisilo la kawaida, maana yake chini. Mwingine angewashia moto. Mimi nimeshika 214. Bado 151. Hakuna mwalimu aliyenisaidia, nilijifunza nikingoja wateja wa maziwa.

Leo: groak. Kumwangalia muntu akikula, unyamaze tu, ukitumaini atakukaribisha. Kumbe Waingereza nao wako na majirani kama wangu.

Jumatano, 9 juin

Projet ya ng'ombe inatafuta mukalimani mumoja wa Kingereza kwa territoire za Masisi na Walikale, mpaka vijiji vya Ntoto na Kibua. Kazi ya miaka miwili. Magoti yangu hayatabeba tena bidon za maziwa miaka miwili ingine. Nimejiandikisha. Tuko wawili: mimi na Trésor, kijana mwenye diplôme.

Nilimtolea borborygmus — ngurumo ya tumbo lenye njaa. Akacheka. Eti Mama, hayo hata Waingereza wenyewe walishayatupa, mukalimani anahitaji "leta" na "weka".

Njo hivyo. "Leta" na "weka" nilijifunza nyuma ya hayo. Nilianza na paa, ukuta baadaye.

Ijumaa, 11 juin

Nimechoka. Kesho jaribio.

Jumamosi, 12 juin

Mukutano wa wafugaji, kwetu mulimani, njo jaribio letu. Trésor alianza. Alitafsiri kama maji yanashuka. Kisha mimi. Dokta wa ng'ombe, muzungu muzee, akasema beestings. Trésor alikunja uso. Mimi nilijua: maziwa ya kwanza ng'ombe akizaa, njo umuhondo wetu. Madame Geneviève, mukubwa wa projet, akaandika kitu. Nikafikiri, kazi ni yangu.

Dokta akaendelea: anayekamua beestings kwa ajili ya nyumba yake ni mwizi, anaibia ndama.

Hapa umuhondo hauuzwi. Unapikwa mpaka unashikana, watoto wa nyumba na wa jirani wanakula. Bibi Mukankusi, aliyeketi mbele, alipika juzi tu. Maziwa ninayouza yanatoka kwake, mwaka wa kumi na moja sasa.

Nilitafsiri: Dokta anaomba tumwachie ndama ashibe kwanza.

Bibi akajibu: mwambie ng'ombe zangu zimezaa mara arobaini na mbili, ndama waliokufa ni watatu. Yeye amekamua ngapi? Watu wakacheka. Hiyo nilitafsiri yote. Dokta naye akacheka.

Trésor akainua mukono. Pole pole, kwa Kiswahili: Mama ameruka neno moja.

— Neno gani? Bibi akauliza.

Madame Geneviève alitupatia pause ya dakika kumi. Niko nyuma ya chapelle. Saba zimepita. Mukalimani anayeficha neno hapewi kazi. Na nikisema "mwizi" mbele ya watu, Bibi, kwa umri wake...

Bibi anakuja na fimbo yake. Ameketi kando yangu. Anangoja nimwambie lile neno.