Umeme Haubishi Hodi

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, ingawa wiki hii hukuzistahili. Goti lako linaendeleaje? Wifi yangu hajambo? Sisi huku tu wazima, ila mimi nina hasira, na hasira zangu unazijua tangu nikikubeba mgongoni.

Nimeipata barua yako ya kuniagiza nimnyamazishe mjukuu wetu. Unasema umemfukuza kazi kwa kiherehere chake, na kwamba mitambo yenu ya kutunzia mafaili ilishapimwa na mafundi wazima wenye vyeti. Haya. Nikamuuliza mtoto waliipima vipi. Akasema waliijaza mafaili, wakaizima kwa utaratibu, wakaiwasha, wakakuta kila kitu kipo. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakanitoka. Ndugu yangu, umeme ukikatika huwa unabisha hodi?

Yeye ule mtambo uliompa apimie nyumbani kauweka sebuleni, juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Anauacha uandike, na katikati ya kuandika anachomoa waya. Akiuwasha, analinganisha alichoweka na kinachosomeka. Mara nyingi vinafanana. Mara nyingine, lo! Faili lina jina la mgonjwa huyu, ndani mna dawa za yule. Wala mtambo hauoni haya, unasema vyote viko salama. Kahangaika nao mpaka kaibana kasoro: hutokea pale faili la zamani linapofutwa na jipya kushika nafasi yake. Mtambo unatangaza umeshahifadhi kabla haujahifadhi. Nikamwambia mtu wa hivyo namjua, alikuwa akimwapia mama kwamba ameshaosha masufuria, kumbe yako uvunguni.

Na huo ndio unaotaka kuiuzia zahanati ya mtaani kwetu, ninakochukua dawa zangu za presha! Unasema kasoro itarekebishwa baadaye, wateja wasitishwe. Baadaye ya nani? Mtu akishameza vidonge vya jirani yake, marekebisho utampelekea kaburini?

Tena umeandika kwamba mtoto akifungua mdomo, humtambui kuwa damu yako. Hapo ulinichokoza. Basi jua hivi: yeye hakuufungua. Nimeufungua mimi. Jana niliupakia mtambo kwenye toroli, nikausukuma mpaka kwa muuguzi mkuu wa zahanati. Akafuta na kuandika wagonjwa wa kubuni kwa mkono wake, mimi nikachomoa waya. Mara ya tatu, babu mwenye kisukari akasomeka ana mimba ya miezi saba. Muuguzi hakucheka. Kasema hapokei kitu mpaka mjukuu wetu mwenyewe athibitishe kasoro imekwisha.

Sijuti, na nitarudia. Ukitaka kuuza, njoo umwombe mtoto arudi kazini. Uje kwa miguu yako, barua nyingine siifungui.

Nisalimie wifi na wanao wote, hata yule aliyerithi ubishi wako.

Ni mimi dada yako,
niliyekutangulia kuzaliwa na bado niko mbele.