Kwa Baba, Aliyebaki na Stesheni Reli Ilipohama

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipofumba macho katika nyumba ya stesheni, chumba cha nyuma, dirisha likiwa wazi kama ulivyopenda.

Mimi binti yako mkubwa ndiye ninayeandika kwa niaba ya familia, kwa hiyo nivumilie. Wewe mwenyewe ulisema kwamba ulimi huu nimeurithi kwa shangazi.

Tunaikumbuka chai yako, uliyoinywa umesimama hata reli ilipohamishiwa ng'ambo ya mto na hapakuwa tena na treni ya kukuharakisha. Tunakumbuka ulivyotufokea kama abiria jukwaani tukisogelea sufuria: "Rudini nyuma ya mstari!" Wajukuu zako sasa wanafokeana vivyo hivyo.

Reli ilipohama, wenzako walihama nayo. Wewe ulibaki kulitunza jengo, na wakubwa wa reli wakakuambia ukae humo, wewe na mkeo, hadi mwisho wenu. Abiria waliendelea kuja na mizigo yao, hawana habari. Hukumcheka hata mmoja. Uliwapa maji, ukafunga mizigo yao kwenye karia ya baiskeli, ukawasindikiza kwa miguu hadi stesheni mpya. Watu wakasema una wazimu, unasubiri treni iliyohama. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni huyu tunayemwita Bwana Utepe, maana hakuna utepe unaokatwa mjini hapa bila yeye kushika mkasi.

Sasa Bwana Utepe ni mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi stesheni iwe makumbusho. Cheka, Baba, unayo ruhusa. Anakuita "shujaa wetu". Kipande cha reli cha maonyesho amekilaza upande wa barabara, mbele ya choo, ili wenye magari wakione. Jukwaa ulilolifagia kila asubuhi linatazama majani. Hakuna hata mmoja katika kamati aliyejiuliza abiria walipandia wapi. Watu wazima hao, na suti zao.

Wiki iliyopita alikuja na mafundi wawili, akaingia bila hodi, akaanza kupima jikoni Mama akimenya viazi.

"Hapa tutaweka kaunta ya soda," akasema.

"Na mimi mtaniweka wapi?" Mama akauliza.

"Aa, mama, wewe si una watoto?"

Kisha, bila haya, akaomba picha yako ya sare aitundike ukutani siku ya ufunguzi. Yaani mume abaki ukutani, mke atolewe nje! Tumeona watu wenye macho makavu, lakini huyu ni kiboko. Tunamdharau, na tunaandika hapa gazetini ili asome.

Mama alifuta mikono. "Picha iko chumbani kwake, juu ya kitanda. Mwisho wake umefika, wangu bado. Mgeni wenu rasmi akitaka kumwona, abishe hodi kama watu."

Bwana Utepe alikunja futi yake, akaondoka. Ufunguzi ni kesho kutwa. Sote tumeshafika, na magodoro yetu.

Wanaokukumbuka: mkeo, binti zako wawili, mwanao dereva, aliyeegesha lori mlangoni, dada yako, mwenye ulimi, na wajukuu zako wote.

Hutoki mioyoni mwetu, Baba. Na Mama hatoki humu ndani.